Ubao wa Vigingi wa Fundi Sefania

Kwa muda mrefu Sefania alidhani ni ukungu tu. Pale Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ukungu hushuka kutoka msituni asubuhi, ukaingia hata ndani ya nyumba na kukaa humo kama mgeni asiye na haraka. Kwa hiyo mwaka ule wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili, vitu vilipoanza kupoteza kingo machoni pake, hakushtuka. Alisubiri jua. Jua likatoka, majirani wakaanika maharage yao, na yeye bado aliona kila kitu kana kwamba kimemwagiwa maziwa.

Alikuwa seremala. Kazi hiyo alijifunzia misheni tangu ujana wake, na kutoka Magamba mpaka karibu na soko la Lushoto hukosi nyumba yenye mlango wake au dirisha lake. Karakana hakuwa nayo. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, nyumba ya miti na udongo aliyoijenga kwa mikono yake, na vyombo vyake vyote alivirundika ndani ya sanduku moja kubwa chini ya dirisha. Binti yao wa pekee, Klara, alikuwa ameolewa Muheza. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mkewe Yudith.

Alimficha Yudith miezi minne. Kilichomsaidia ni desturi ya kuamkiana. Mdogo ndiye anayeanza, akisema shikamoo sauti imeshamtambulisha, nawe unaitikia marahaba kana kwamba ulimwona tangu kule kwenye kona. Lakini desturi hiyohiyo ndiyo iliyomfichua, maana kwa waliomzidi umri yeye ndiye aliyepaswa kuanza. Alimpita Bibi Marta njiani mara mbili bila kumwamkia. Mara ya pili bibi yule akaenda moja kwa moja hadi kwa Yudith shambani.

"Mume wako siku hizi ana kiburi," alisema. "Ananipita kama anapita kisiki."

Yudith aliomba radhi, akaweka jembe chini, akarudi nyumbani. Alimkuta mumewe akipiga randa. Akasimama hatua mbili mbele yake, kwenye mwanga wa mlango, wala hakusema neno. Sefania aliendelea kidogo, kisha mikono ikasita. Aliinua uso.

"Nani hapo?" aliuliza.

Yudith alikaa juu ya kizingiti, akafunika uso kwa kanga.

Wiki ileile mambo yalikuja kwa pamoja. Jumatatu Sefania alitia mkono sandukuni kutafuta patasi, na patasi ikampata yeye kwanza: ilimchana kiganja toka chini ya kidole gumba hadi karibu na kifundo cha mkono. Jumatano ikaja barua, ambayo Yudith alimsomea. Iliandikwa na Kristofa, karani wa shughuli za ujenzi, kijana ambaye zamani aliwahi kufanya kazi chini ya Sefania miaka miwili. Shule mpya ilikuwa inajengwa chini ya mji, na ilihitaji madawati arobaini. Kristofa alitaka kumpa fundi wake wa zamani kazi hiyo. Ila, barua iliendelea, alikuwa amesikia maneno ya watu, na kwa hiyo angekuja Jumamosi ya wiki ya tatu aone kazi ikifanywa mbele ya macho yake.

"Mwandikie kwamba unaumwa," Yudith alisema.

"Siumwi."

"Basi tumwandikie nini?"

"Kwamba aje."

Yudith aliikunja barua mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Alijua mumewe anachokiogopa. Mwaka ule wanaume wa milimani walikuwa wakisukumwa na serikali ya Waingereza kulima matuta kwenye miteremko, na kila mkutano wa baraza ulimalizika kwa kelele. Sefania hakuogopa matuta. Aliogopa kuitwa jina lake halafu mtu aseme, huyo mwacheni, huyo haoni, na watu wahamie jina linalofuata. Kwa fundi hiyo ni kuzikwa huku unapumua.

Sefania alikaa siku mbili na fikra moja. Vyombo vikiwa sandukuni, kila mara anavitafuta, na anayetafuta kwa vidole anaonekana. Lakini kama kila chombo kingekuwa na mahali pake ukutani, mahali pasipobadilika, mkono ungekwenda moja kwa moja, kama mkono wa mtu anayeona. Alikuwa na ubao wa mkulo, ule mti wa msituni, aliouweka darini miaka mingi, mpana, mkavu, usio na fundo. Aliuteremsha mwenyewe.

Kazi ya kutoboa ilimchukua siku mbili nzima. Penseli haikumfaa tena, kwa hiyo alichora mistari kwa ncha ya kisu, maana mstari wa kisu ukucha unausikia. Kutoka shimo hadi shimo alipima vidole vinne. Kutoka safu hadi safu, shibiri moja. Keekee, chombo chake cha kutobolea, aliilaza kidogo kila alipotoboa, ili vigingi vitazame juu na vyombo visiteleze. Vigingi vyenyewe alivichonga kwa mti mgumu, akavisugua kwa jani la msasa, kisha akavigonga kimoja kimoja kwa nyundo ya mti. Yudith alikuwa akipita na ndoo ya maji, akitazama mahali vidole vya mumewe vilipo kila keekee inapozunguka, na maji yalikuwa yakimwagika njiani.

Ijumaa, siku nane kabla ya Kristofa kuja, Sefania aliupandisha ubao ukutani. Alipiga misumari minne mirefu, akautikisa, ukakaa. Akaanza kutundika. Msumeno mkubwa kushoto, mdogo chini yake. Nyundo. Kisu cha kuchorea. Kipimo cha pembe. Patasi tano kwa mpangilio wa upana, nyembamba kwanza. Shoka dogo la kuchongea akaliweka mwisho kabisa, kulia. Alirudi nyuma hatua moja, pekupeku kama kawaida yake, akanyoosha mkono kuipapasa kazi yake.

Ukuta ulitoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Kisha bonge zima la udongo likabanduka pamoja na misumari, na ubao ukaja chini na kila kilichokuwa juu yake.

Yudith alikuwa mlangoni. Aliona shoka likianguka na kuchomeka sakafuni, upana wa kiganja kutoka kisigino cha mumewe. Patasi zilitawanyika kumzunguka, nyingine zikitazama juu. Sefania alikuwa ameinua mguu mmoja, na hakujua pa kuuweka.

"Usisogee," Yudith alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Baki hivyohivyo."

"Shoka liko wapi?"

"Nyuma yako. Usiliulize. Simama tu."

Alipiga magoti akaanza kuviokota. Vumbi la udongo lilikuwa bado linaelea, hata yeye mwenye macho alilazimika kupapasa. Patasi ya kwanza, ya pili. Msumeno uliolala meno juu. Mguu ule ulioinuliwa ulianza kutetemeka. Patasi ya tatu ilikuwa chini yake kabisa, mahali ambapo angekanyaga kama angechoka. Yudith aliivuta polepole, akaikumbatia pamoja na nyingine.

"Weka mguu sasa."

Aliuweka. Wakabaki pale, yeye amesimama na mkewe yuko chini.

"Inatosha," Yudith alisema mwishowe. "Baba Klara, inatosha. Tuna shamba. Tuna migomba na maharage, nitalima mimi. Lakini sitaki siku moja nirudi nikukute umelala humu kwenye damu."

"Mimi nitafanya nini wewe ukilima?"

"Utakaa."

"Nitakaa," Sefania alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. "Nikae wapi? Mama Klara, nionyeshe hapo mahali pa kukaa. Hapo kwenye kizingiti? Watu wakipita waniambie shikamoo mzee, pole mzee? Nina miaka hamsini na moja."

Yudith aliviweka vyombo juu ya meza, akaenda jikoni, na kwa muda mrefu zilisikika sufuria zikigongwa kwa nguvu isiyo ya lazima. Aliporudi alikuwa amefunga kanga kiunoni.

"Uliupigilia kwenye udongo mtupu," alisema. "Miti ya ukuta iko wapi?"

"Nimesahau. Zamani niliihesabu kwa macho."

"Basi gonga, tusikilize."

Waligonga ukuta mzima kwa vifundo vya vidole, yeye ndani na mkewe nje. Mahali penye udongo palitoa sauti ya debe tupu. Penye mti palinyamaza. Yudith alichora alama ya mkaa kila paliponyamaza, na ikaonekana nguzo hazikuwa na nafasi sawa hata kidogo, jambo lililomtia fundi aibu. Wakachagua nguzo tatu. Safari hii hawakutegemea misumari. Sefania alitoboa ubao na ukuta kwa keekee ndefu kando ya kila nguzo, Yudith akapitisha waya mnene kutoka nje, akauzungusha kwenye nguzo na kuurudisha, na mumewe akaukaza kwa koleo ndani hadi waya ukalia. Yudith aliushika ubao kwa mikono miwili, akaning'inia na uzito wake wote. Haukutikisika.

"Sasa tundika," alisema. "Na utavaa viatu."

Siku saba zilizobaki Sefania alifanya zoezi moja tu. Alisimama mbele ya meza ya kazi, Yudith akitaja chombo, naye akakitoa ubaoni nyuma yake bila kupapasa na kukirudisha bila kukosea. Mwanzoni alikosa vibaya. Siku ya tatu alikuwa akipata nane katika kumi. Siku ya sita Yudith alichoka kutaja kabla yeye hajachoka kutoa.

Jumamosi ilikuja na ukungu mzito. Walisikia hodi saa nne.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Kristofa. Karibu ndani. Za Lushoto?"

"Nzuri, fundi. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti," alisema Yudith, na kwa makusudi akakiburuta kiti kwa kelele, ili mumewe ajue mgeni atakaa wapi.

Lakini Kristofa hakukaa. Viatu vyake vilikwenda mpaka ukutani.

"Hiki ni kitu gani?"

"Ubao wa vyombo. Nimechoka na sanduku."

"Sijapata kuona. Kila kitu kinajionyesha." Viatu vikageuka. "Basi fundi, sitakukawiza. Nitengenezee kiungo kimoja cha dawati. Mguu na mbao ya pembeni, kwa ulimi na tundu. Nikione, nikatoe taarifa."

Sefania alivuta vipande viwili vya mbao alivyovitayarisha. Mkono ulikwenda ubaoni ukachukua kipimo cha pembe. Ulikwenda tena ukachukua kisu. Akachora, ukucha ukifuata nyuma ya ncha. Hakuinamisha uso sana wala hakuuinua. Yudith alikuwa amemfundisha kuelekeza macho palipo mikono. Yudith mwenyewe alisimama penye mlango wa jikoni akimenya viazi asivyovitazama.

Msumeno mdogo. Ulikata ulimi, upande mmoja, upande wa pili, na vipande vikadondoka vikiwa safi. Akaurudisha. Sasa ilibaki kuchimba tundu. Alishika nyundo ya mti kwa mkono wa kulia, akapeleka wa kushoto nyuma, safu ya pili, kigingi cha tatu, mahali pa patasi ya nusu inchi.

Kigingi kilikuwa kitupu.

Alihisi jasho likichomoza mgongoni. Kilichokuwa kimepangwa kwa siku saba kilipotea mara moja; hakujua tena hata dirisha liko upande gani. Vidole viligusa kigingi mara ya pili. Je, alikuwa ameiweka mezani? Ilianguka? Kupapasa meza kungekuwa kukiri. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia kisu cha Yudith kwenye kiazi, halafu hata kisu kikanyamaza.

"Kristofa, mwanangu," Yudith alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "hiyo patasi unayochezea ina mafuta. Itakuharibia shati."

Sefania alivuta pumzi. Akanyoosha mkono wake kuelekea mahali viatu vilipokuwa vimesimama.

"Nipe," alisema. "Mpini kwanza. Nilikufundisha hivyo."

Patasi iliwekwa kwenye kiganja chake, mpini kwanza. Alichimba tundu. Kila pigo la nyundo lilikuwa linamrudisha chumbani, mpaka dirisha likawa mahali pake na meza mahali pake. Alipomaliza aliuingiza ulimi ndani ya tundu kwa kusukuma kwa kiganja, bila kugonga. Uliingia kwa shida kidogo, kama inavyotakiwa, ukakaa. Akamkabidhi Kristofa.

Kristofa alikigeuza kiungo kile kwa muda. Alikivuta. Hakikutoka.

"Kizuri," alisema. Karatasi zikatoka mfukoni zikichakacha. "Hapa pana mchoro na mkataba. Tia sahihi yako, fundi, nami nitaupeleka Jumatatu."

Sefania aliweza kuandika jina lake gizani. Yudith alijua hivyo, na alikuwa tayari anasogea kumwelekezea pa kuandikia, kwa kisingizio cha kufuta vumbi. Lakini mumewe aliiacha kalamu mezani.

"Nilikufundisha miaka miwili," alisema. "Sikukufundisha kudanganywa. Sikuoni, Kristofa. Tangu umeingia nimeona kitu cheusi kikitembea, basi. Huo mchoro siuoni. Madawati nitayatengeneza, na yatakaa miaka kuliko mimi. Lakini sitaandika jina hapo huku wewe unadhani naona."

Yudith alifumba macho.

"Nilijua," Kristofa alisema. Sasa ndipo alipokaa. "Patasi niliitoa kwa makusudi. Nisamehe. Watu waliniambia, nikataka nijue mwenyewe. Uliposhika kigingi mara ya pili, nikajua."

"Mbona uliendelea?"

"Kwa sababu nilitaka kuona utafanya nini. Na kiungo hiki," aliigonga mbao kwa kidole, "mimi nina macho mawili, siwezi kukifanya hivi."

Hata hivyo hakutoa madawati arobaini. Alisema wazi kwamba mkubwa wake Mwingereza angekuja kukagua, na kama kazi ingeharibika yeye Kristofa ndiye angefukuzwa. Akatoa kumi, kwa miezi miwili. Tena alitaka mtu wa kusoma michoro na kupima.

"Yupo," Yudith alisema kutoka mlangoni. "Niandike mimi."

Kristofa alisita, kalamu ikiwa mkononi. Hakuwa amepata kuandika jina la mwanamke kwenye karatasi ya useremala. Kisha akaandika.

Miezi ile miwili haikuwa rahisi. Yudith alijifunza kusoma mchoro kwa kuukosea. Miguu minane ilikatwa mifupi ikaishia jikoni kuwa kuni. Sefania alimtengenezea ufito wenye mapengo kwa kila kipimo, ili kile anachokisoma mkewe, yeye akihakikishe kwa kidole. Waligombana kila siku, na mara moja walikaa tangu asubuhi hadi magharibi bila kusemezana, wakipokezana vyombo kwa ishara ya kugonga meza.

Madawati kumi yalishushwa Lushoto vichwani mwa majirani. Mkaguzi, yule mkubwa wa Kristofa, alipita akiyatikisa moja baada ya jingine. La saba likacheza.

"Mguu mmoja mrefu," Kristofa alitafsiri. Uso ulikuwa umempauka.

Watu walikuwa wengi uwanjani: mafundi wa mawe, wabeba maji, walimu, na Bibi Marta aliyekuwa amekuja kuona madawati ya jirani zake. Sefania alimwambia Yudith ampe randa ndogo. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele yao wote, akalipindua dawati, akapitisha vidole kwenye miguu yake minne polepole, bila kuficha kwamba anapapasa. Mnong'ono ulianza, ukaenea, ukaisha. Aliupata mguu wenye kosa. Akatoa tabaka moja la ubao, jembamba kama ganda la kitunguu, na jingine nusu ya lile. Akalisimamisha dawati.

Mkaguzi aliweka mikono miwili juu yake akalisukuma kwa nguvu. Likatulia. Akasema kitu kifupi kwa Kiingereza, akaandika kwenye daftari lake, akasogea kwenye la nane.

"Amesema nini?" Sefania aliuliza, akiwa bado magotini.

"Amesema yaliyobaki thelathini yawe tayari kabla ya mvua," Kristofa alijibu.

Miaka mitano baadaye Klara aliwashawishi wakashuka hospitali moja ya tambarare, na daktari akamtoa Sefania mtoto wa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limechelewa. Kwa miwani minene aliweza tena kuona njia na nyuso, ila sio mistari ya penseli. Aliendelea na kisu chake. Karatasi za kazi ziliendelea kuandikwa majina mawili, na wateja wengine, hasa wanawake waliotaka rafu na mbao za kutundikia sufuria na miko yao, walifika wakapita mbele ya fundi, wakamwamkia kwa heshima zote, kisha wakauliza Mama Klara yuko wapi.